Aibu ya Nyumba ya Marhoon

Mshaanza tena. Kila mkishiba mnataka jini, na katika hadithi hii jini ndiye aliyekuwa na adabu kuliko mtu. Haya, kaeni, na anayeogopa asinivute nguo.

Nyumba ya Marhoon ilikuwa Maskati, ndani ya ukuta. Ilijengwa na babu yake Marhoon, aliyechuma mali Unguja, zama za Malkia Viktoria: ngazi za msaji wa Bombay, madirisha ya vioo vya rangi. Marhoon hakuifuta hata vumbi. Aliyeitunza ni Masouda, shangazi yake, aliyekimbia mapinduzi ya Unguja mwaka wa sitini na nne, akafika na furushi moja. Kila adhuhuri alipiga magoti akasugua ngazi, daraja kwa daraja. Kila Alkhamisi aliweka sahani ya haluwa na ubani mlangoni pa chumba cha juu kisichokaliwa.

"Kula, mwenzangu," akisema. "Sote wageni hapa."

Asubuhi sahani ilikutwa imeoshwa.

Mwaka wa sitini na nane akaja mnunuzi, Bakhit, tajiri wa Matrah. Akapapasa nguzo, akauliza linalompasa mnunuzi kuuliza: "Ina aibu gani, ila gani nisiyoiona?"

"Aibu yake kizee hiki tu," Marhoon akacheka, na Masouda kasimama pale pale na birika la kahawa mkononi. "Nacho nnakitoa kesho."

Huko juu sahani ikavunjika.

Masouda akaenda kutupwa kibanda cha makuti, Hamriya, nje ya ukuta. Siku ya tatu Bakhit akarudi kupokea ufunguo, adhuhuri, mji mzima umelala kwa joto. Ndani kulinuka ubani ambao hakuna aliyeuwasha.

"Nani anasugua?" Bakhit alinong'ona.

"Hamna mtu, sheikh," Marhoon akajibu.

Lakini walisikia wote wawili, kitambaa kikikamuliwa juu, maji yakidondoka, kisha shwa, shwa, na daraja la juu kabisa likalowa na kung'aa mbele ya macho yao, likafuata la pili, na la tatu, hakuna mkono, hakuna ndoo, unyevu tu unateremka, na ubani ukageuka harufu ya nywele zinazoungua, mpaka daraja la mwisho lilipolowa, na kitu kisichoonekana kikamkamata Marhoon kifundo cha mguu, kikaanza kumsugua, polepole, kama doa lisilotaka kutoka.

Bakhit alitoka mbio, viatu akaviacha.

Mwalimu Yaarub aliletwa, akamsomea Marhoon Kurani mpaka sauti ikamkauka. Jini akajibu kwa kinywa cha Marhoon mwenyewe: "Mrudisheni aliyenilisha. Hamtaki, nafasi yake ijazwe."

Marhoon akakimbilia Hamriya, mguu umechunika. "Shangazi, nakuomba, rudi nyumbani."

Masouda alikuwa mkekani anakohoa. "Miye aibu, mwanangu, na ushaitoa. Kaa na nyumba yako safi."

Baada ya wiki wakamzika.

Mnunuzi mwengine hakutokea. Muhsina, mkewe Marhoon, akachukua watoto akenda kwao. Mwaka wa sabini, Sultani mpya alipotawala, jamaa za Marhoon waliotoka Unguja wakaanza kuitwa kwenye kazi za serikali, na yeye Marhoon akaitwa. Kufika lango la mji, mguu ukamuwaka moto, akarudi anachechemea. Adhuhuri hiyo alikunja kanzu, akapiga magoti, akasugua. Na kesho yake. Na miaka yote iliyobaki. Akiruka daraja moja, aliburutwa hadi juu kabisa, akaanza upya.