Mlinzi Aliyezibwa Mdomo

Ukingo wa njia ulimeguka ghafla. Mzee Ignas, aliyetangulia na dumu la maji ya betri, alitoweka pamoja na udongo. Felista, fundi wa redio aliyekuwa akipanda nyuma yake kwenda kileleni, alimkuta amenasa kwenye mizizi, mfupa wa muundi umechungulia nje, damu ikichuruzika na mvua. Nyuma yao, njia ya kurudi kijijini ilikuwa imegeuka korongo.

Alivua kitenge, akalifunga jeraha kwa nguvu, akapiga gango kwa fito mbili.

"Piga redio, mama Agnes," Ignas alisema akiuma meno. "Tangu uitengeneze ile mashine haijazima hata mara moja."

Felista alibonyeza redio kol yake ya mkononi. Kimya. Kutoka upande huu wa Uluguru, sauti haifiki Morogoro mpaka ipitie mashine iliyo kileleni. Akabonyeza tena. Kimya. Uso ukamwaka moto katika baridi ile, maana alijua kwa nini.

Ndani ya mashine mlikuwa na sakiti ambayo mafundi waliiita mlinzi. Kila sekunde mashine humpa ishara kwamba iko macho; isipotoa ishara, mlinzi huizima na kuiwasha upya. Mwishoni mwa Juni mlinzi alianza kuizima mara kwa mara, taa nyekundu ikimetameta. Wageni wa mkoa walikuwa waje kukagua kabla ya Saba Saba, na mkuu wa kazi hakutaka kusikia habari za taa nyekundu. Felista, na stashahada yake, hakutafuta ugonjwa. Alilehemu waya mfupi wa kumziba mlinzi mdomo, akaandika daftarini: "Imetengenezwa." Wageni wakampigia makofi.

"Imekufa?" Ignas aliuliza.

"Imeganda. Naenda kuiamsha. Usilale, mzee."

"Nilale na mguu huu? Nenda. Ila chupa ya maji niachie, usije ukaondoka nayo kwa haraka zako."

Alipanda kwa mikono na magoti. Nyasi zilimkata viganja, ruba wakamfyonza damu vifundoni, ukungu ukameza kilele. Saa nzima alisikia masikioni makofi yale ya wageni.

Kibandani, taa ya kijani iliwaka bila kupepesa, na mashine ilikuwa bubu. Alikata waya wake kwa koleo. Mlinzi akazinduka, akaizima mashine, akaiwasha. Felista akabonyeza redio apate kusema, taa ikawa nyekundu! Mashine ikazima. Akabonyeza tena, ikazima tena.

Mlinzi hakuwa mgonjwa. Alikuwa akipiga kelele za mwizi, na Felista akamkaba mlinzi badala ya mwizi.

Akaweka mita ya kupimia umeme. Redio ikiwa kimya, volti tano. Akibonyeza, zinaporomoka hadi nne. Umeme ulikuwa ukipotea njiani. Akafuata nyaya kwa vidole hadi kwenye betri, akafungua kichwa cha waya: chini ya grisi, kutu ya kijani imejaa. Aliikwangua kwa kisu, akakaza nati. Akabonyeza. Tano zikabaki tano.

"Nakupata, kilele," sauti ya Morogoro ilijibu. "Sema."

Felista akaeleza mzee alipo, na Morogoro wakaahidi kuwapa habari watu wa kijijini. Matengenezo yalikuwa kazi ya dakika kumi. Hata Juni ingekuwa dakika kumi.

Kabla hajashuka alifungua daftari, akakata neno lake la Juni kwa mstari mmoja, akaandika alichokifanya.

Jua lilikuwa limeinama wakati balozi wa nyumba kumi alipofika na wanaume sita na machela, wakipitia mashamba ya juu. Ignas alikuwa hai, midomo imepauka.

"Huyu ndiye fundi wetu!" aliwaambia. "Asingekuwa yeye, ningeoza hapa."

"Mzee, mimi ndiye niliyeifanya iwe bubu," Felista alisema, mbele ya wote. "Nilimziba mdomo mlinzi wa mashine, wageni wasione taa nyekundu."

Ignas alijiinua kwa kiwiko kimoja.

"Na yale makofi?"

"Niliyapokea."

"Hata mimi nilipiga," alisema, akafumba macho. "Shika machela upande huu wa mguu, mama Agnes. Usinitikise."

Felista alishika. Njia nzima hakukubali mtu ampokee machela.