Mistari Kumi na Moja Iliyopotea

Kila siku baada ya shule Kaoutar alipitia nyumbani kuvua sare, akala alichobakiziwa, kisha akabeba chupa ya chai kuipeleka ofisini kwa mjomba wake Amissi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Rumonge, Burundi, kati ya duka la mawese na fundi wa baiskeli. Watu walikwenda pale kuandikiwa barua na maombi ya kazi. Juu ya meza palikuwa na kompyuta moja ambayo mjomba aliileta kwa boti kutoka Kigoma, akaishonea kitambaa cha kuikinga na vumbi. Sheria ya ofisi ilikuwa moja tu: mtoto asiguse mashini.

Ilikuwa miaka ya vita. Risasi zililia vilimani, na watu wa vilima vya juu ya Minago walikuwa wamekimbia mashamba yao wakapigiwa mahema pembezoni mwa mji. Rumonge ilijifunza kufunga milango mapema. Mtu akiona jambo geni hakuuliza. Alitazama, akanyamaza, kisha akaenda kumnong'oneza jirani. Kuuliza kulihesabiwa kuwa hatari, na kunong'ona, sijui kwa nini, hakukuhesabiwa kitu.

Kaoutar alikuwa na miaka kumi na mitatu na macho yasiyolala. Mtu ambaye Kaoutar alimtazama zaidi ni Lukeba, mwandishi wa pale ofisini, Mkongomani kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lukeba alisema machache. Alasiri, kazi ikipungua, alitoa bahasha mfukoni, akatelemka hadi ufukweni, akampa mwenye boti, akarudi bila bahasha. Ilikuwa na nini? Kwa nani? Kaoutar hakuuliza, lakini kichwani alikwishajijibu.

Jumatatu moja Lukeba alikuwa akiandika orodha ya wanafunzi wa darasa la sita watakaofanya mtihani wa taifa. Orodha ingewekwa kwenye disketi, na disketi ingeondoka Ijumaa asubuhi kwa basi la Bujumbura. Asiyekuwemo hafanyi mtihani, basi. Kaoutar alimimina chai polepole ili apate kusoma. Aliona jina lake, na chini yake akaona la rafiki yake Généreuse, msichana wa kambini. Mbele ya jina la Généreuse palikuwa na alama ndogo, miti miwili imesimama na miwili imelala, kama kipande cha uzio. Wengine wa kambini nao walikuwa nayo. Alama ya nini? Hakuuliza.

Lukeba alipomaliza orodha aliifunga, akafungua barua ya mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, kisha akatoka na bahasha yake. Mjomba alikuwa nje akizungumza na fundi wa baiskeli. Kaoutar akajikuta amekaa kwenye kiti. Weupe wa kioo cha kompyuta ulimchoma macho. Alishika kipanya kama alivyoona wakubwa wakikishika, akakisogeza hadi juu, akasoma neno la Kifaransa: "Couleurs". Rangi. Akabonyeza. Yakatokea maneno matatu: Jour, Sable, Nuit. Mchana, mchanga, usiku. Akachagua usiku.

Ukurasa wote ukawa mweusi, herufi zikawa kijani. Kaoutar alipenda sana. Alitaka kurudisha weupe, lakini akasikia kikohozi cha mjomba mlangoni, akaruka na kuanza kuosha vikombe kwa bidii ambayo mama yake hajawahi kuiona nyumbani. Akangoja kugombezwa. Lukeba aliporudi alikitazama kioo kidogo, akakaa, akaendelea na kazi. Mjomba naye alipita, akaona weusi ule, akapita. Hakuna aliyesema neno, na Kaoutar akasahau.

Jumatano alimleta Généreuse ofisini.

"Njoo uone jina lako lilivyoandikwa vizuri," alimwambia.

Bahati yao, Lukeba alikuwa ndio kwanza amefungua orodha pale jenereta ilipoanza kukwama, akatoka mbio kuitazama. Wasichana wakainama mbele ya kioo. Kaoutar akaona jina lake kwa kijani. Chini yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na pengo jeusi, kisha jina la mtoto mwingine wa mjini. Wakashuka chini ya ukurasa. Pengo jingine, na jingine. Yalikuwa kumi na moja, na watoto wa kambini waliokuwa darasa la sita walikuwa kumi na mmoja.

"Sisi hatumo," Généreuse alisema. Hakulia. Alichukua daftari lake na kwenda zake, na Kaoutar akaumia kuliko kama angelia. Jenereta ikazimika, kioo kikawa giza kabla Lukeba hajarudi.

Njiani kurudi nyumbani kila kitu kilijipanga kichwani mwake: ukimya wa Lukeba, ile alama, zile bahasha. Bila shaka aliwatia watoto alama, akawafuta, na majina yao akayapeleka ng'ambo, kwa nani hakujua, lakini wakati ule kila mtu alijua kwamba jina lako likifika mikono mibaya umekwisha. Alimwambia mama yake. Alimwambia Aziza muuza ndagala. Aliwaambia wasichana wa bombani. Kufikia Alhamisi asubuhi soko zima lilikuwa na habari kwamba Mkongomani wa Amissi anauza majina ya watoto, na wengine wakaongeza kwamba walikwisha kuona kwa macho yao akihesabu mahema.

Alhamisi mchana, Kaoutar alipofika na chai, alikuta watu wamejaa mlangoni. Wazazi wa kambini walikuwapo, baba yake Généreuse mbele yao, fimbo mkononi. Ndani alisimama Madamu Émérance, mkuu wa shule, na mjomba Amissi, uso umekunjamana.

"Lukeba, fungua orodha," mjomba alisema.

Lukeba akafungua. Mapengo yalikuwa palepale. Kaoutar alimwona Lukeba akifikicha macho, akasogea karibu na kioo, kisha jasho likamtoka.

"Patroni, niliandika yote. Siku ya Jumatatu niliandika yote," alimwambia mwajiri wake.

"Yako wapi?"

"Sijui, patroni."

"Hajui," baba yake Généreuse alisema taratibu. "Ya watoto wa mjini yako. Ya kwetu tu ndiyo hajui."

Madamu Émérance akaeleza kwamba neno la wazazi halitoshi: mwalimu wa zamani wa watoto wale ndiye mwenye daftari rasmi la majina na tarehe za kuzaliwa, na baada ya kulileta Jumatatu alirudi nalo Minago. Barabara ya Minago ilikuwa imefungwa tangu alfajiri kwa sababu ya mapigano. Disketi ilipaswa kuondoka kesho. Majina yasipopatikana leo, watoto kumi na mmoja watakosa mwaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mjomba alisema kwa uchungu. "Nimekula nawe sahani moja, Lukeba. Sasa utakwenda kueleza kwa wanajeshi."

Watu wa Rumonge walijua kwamba waliopelekwa kueleza hawakurudi wote. Mjomba akanyoosha mkono, akachomoa bahasha kwenye mfuko wa shati la Lukeba, akaichana, akampa Madamu. Kaoutar alisogea hadi miguuni pa meza. Alisubiri kusikia majina.

Madamu akasoma kwa sauti: "Mwanangu Sikuzani, salamu nyingi. Usilie tena kwa ajili ya mtihani wa mwaka jana. Hapa nimeandika orodha ya watoto wenzako. Wale wasio na karatasi za kuzaliwa nimewatia alama, kila mmoja mbele ya jina, ili niwakumbushe wazazi wao, wasije wakasahauliwa kama walivyokusahau wewe. Mama yako asiuze mbuzi. Baba yako, Lukeba."

"Barua inaweza kuandikwa kudanganya watu," sauti moja ikasema mlangoni, na wengine wakaguna kukubali.

Lakini Kaoutar alilirudia jina lile moyoni. Sikuzani. Kumbe bahasha zote zile zilikuwa za mtoto. Na alama ilikuwa ya kuwakumbuka.

Lukeba, kwa kukosa la kufanya, alikuwa akibonyeza kitufe cha mshale. Kijistari kinachowakawaka kilishuka hadi kwenye pengo chini ya jina la Kaoutar, kikaanza kutembea kulia hatua moja moja, kama kinavyotembea juu ya herufi. Kaoutar alikitazama. Alikuwa amechungulia mashini ile mara nyingi, akajua kwamba mahali patupu kijistari hakitembei. Huruka kwenda mstari wa chini. Hapa kilitembea hatua nyingi kabla ya kuruka. Basi palikuwa na kitu. Kitu hakikufutwa, kilikuwa hakionekani tu. Mistari yote isiyoonekana ilikuwa ya alama, na Jumatatu kabla hajashika kipanya ilionekana vizuri.

Akajua ni nani aliyeificha.

Nataka niseme kwamba alisema papo hapo, lakini nitakuwa nadanganya. Alifikiria kwanza kitambaa cha mashini, sheria ya ofisi, na mkono wa mjomba. Alifikiria kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Halafu mjomba akamshika Lukeba bega ili watoke, na Lukeba akasimama bila kubisha, akichukua kofia yake.

"Mjomba," Kaoutar alisema. "Mwache. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niligusa mashini. Jumatatu. Nilibadilisha rangi."

Mjomba alimtazama kana kwamba hamfahamu. "Rangi na majina wapi na wapi?"

"Nipe nafasi nikuonyeshe."

Alikaa kwenye kiti, akashika kipanya. Alibonyeza mwanzo wa pengo, akakivuta kipanya hadi mwisho wake kama alivyomwona Lukeba akifanya anapotaka kuhamisha mstari. Mstari ukageuka mweupe, na ndani yake zikaonekana herufi za bluu nzito: alama ya uzio, kisha Nibigira Généreuse, na tarehe ya kuzaliwa. Alipouachia, ukazama tena.

Watu wakasukumana kuingia. Kaoutar akaenda kwenye "Couleurs". Alichagua kwanza mchanga, majina yakaonekana kwa shida. Kisha akachagua mchana. Ukurasa ukawa mweupe, na yote kumi na moja yakawa mahali pake.

Lukeba akapumua kwa nguvu. "Sasa nimeelewa," alisema. "Programu hii iko na desturi yake. Mustari ukianza na ile alama, inaupaka bluu nzito. Juu ya nyeupe unasomeka. Juu ya nyeusi haiwezi. Mimi nilitia alama bila kujua."

"Na ulipokuta mashini imekuwa nyeusi, mbona hukuniuliza?" mjomba alisema.

"Mashini ni yako, patroni. Mimi ni mugeni. Nilidhani umependa hivyo. Na wewe?"

Mjomba akakuna kidevu. "Mimi nilidhani ni wewe, unapumzisha macho."

Baba yake Généreuse aliiegemeza fimbo ukutani. Aliomba asomewe majina yote, na Madamu akayasoma moja moja mpaka la mwisho. Kisha akamshika Lukeba mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia asante kwa Kirundi, "Murakoze." Mjomba Amissi naye aliomba msamaha mbele ya wote, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Watu walipoondoka, Kaoutar alingoja adhabu. Mjomba alimwambia kwamba atachota maji ya ofisi mwezi mzima, na hilo lilikuwa jepesi. Madamu Émérance ndiye aliyempa zito.

"Maneno uliyoyapeleka mjini kwa miguu yako, utayarudisha kwa miguu yako. Kila uliyemwambia, nenda ukamwambie kweli."

Alianza alasiri ileile. Mama yake alisikitika. Wasichana wa bombani walicheka. Aziza muuza ndagala alimsikiliza hadi mwisho huku akifukuza nzi, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Lakini lisemwalo lipo." Kaoutar alieleza tena, kijistari, rangi, barua, kila kitu. Aziza akatikisa kichwa na kumhudumia mteja.

Ijumaa, disketi ikiwa imekwisha kuondoka, Kaoutar alimfuata Madamu baada ya kengele akamweleza kuhusu Aziza.

"Nimemwambia mara mbili, Madamu. Hataki kuamini."

"Utakwenda tena kesho," Madamu alisema. "Jina la Généreuse lilifichwa na rangi, ukalirudisha kwa kidole kimoja. Jina la Lukeba lilichafuliwa na mdomo, na kulisafisha kutakuchukua siku nyingi. Ulifanya vizuri kusema kweli ulipoogopa. Bila hivyo mtu angepotea. Lakini angalia, Kaoutar, watu watatu mliona jambo geni kwenye mashini moja, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Siku hizi za vita nakuongezea: kuuliza ni kumwokoa mtu."

Kaoutar alikwenda nyumbani, akavua sare, akabeba chupa ya chai. Lukeba alikuwa peke yake mbele ya kioo cheupe, bahasha mpya imelala kando ya mkono wake. Kaoutar akamimina chai. Akasimama badala ya kwenda kuosha vikombe.

"Baba Sikuzani," alisema, na kwa mara ya kwanza akamuuliza, "Sikuzani anapenda somo gani?"

Lukeba aliacha kuandika. Alivuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akampangusia vumbi, akamwambia akae.