Mikono Iliyoazimwa

Asubuhi ile skrini ilihesabu mikono mitatu.

Fundi aliinua macho, akamtazama mkewe aliyesimama kwenye mstari wa utepe mwekundu, hatua mbili mbele ya skrini. Mikono miwili, kama kawaida. Akarudi kwenye kompyuta yake. Mitatu.

Kazi yao ilikuwa kuzifundisha skrini za vyumba vya upasuaji kufuata mikono bila kuguswa, ili daktari mwenye glavu zilizolowa damu aweze kugeuza picha ya mgonjwa kwa kupunga hewani tu. Kamera ndogo iliuona mkono, ikauchora kwa nukta, nukta moja kwa kila kiungo. Fundi alipima kama mchoro unalingana na mkono wenyewe, usipolingana, alirekebisha. Mbele alisimama mkewe. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na mikono iliyosema maisha yake yote ilisomeka kuliko ya mtu mwingine yeyote pale karakanani. Wenzao walimwita Vidole, naye alilipenda jina hilo.

Mkono wa tatu ulielea karibu na bega lake la kushoto. Kila kidole kilikuwa na nukta moja zaidi.

"Nini?" Vidole aliuliza kwa ishara.

"Kamera chafu," Fundi alijibu kwa ishara zake za kubabaisha. Akafuta lenzi, akageuza taa, akaiwasha skrini upya. Mkono ukatoweka. Ikabaki harufu, kama ya nywele zilizoungua.

Kesho yake ilikuwa minne. Ile miwili ya ziada ilimwiga Vidole, ikichelewa kidogo. Siku ya tatu haikuchelewa tena. Mchana wa siku hiyo, Vidole akiwa pembeni anakula na kwenye mstari hakuna mtu, mikono miwili ilichomoza kwenye skrini, ikaanza kusema.

Fundi hakuelewa yote. Alimgusa mkewe begani, akamwonyesha. Vidole akasoma, akacheka. Alidhani ni wenzao watundu wa ghorofa ya juu wanamchezea.

"Inasema nina mikono mizuri," alimfasiria mumewe. "Inasema, niazime."

Kisha, kwa ule utani wake wa siku zote, akaweka chakula chini, akaigeukia skrini na kujibu: Chukua.

Fundi alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Hakumshika. Skrini ikazimika.

Jioni, nyumbani, Vidole alikuwa akimenya vitunguu, kisu kikamponyoka. Mikono yake ikainuka mbele ya kifua, taratibu, kama mtu anayejaribu koti jipya, ikasema: Nimefika. Vidole akaitazama. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, na mikono ikamwambia Fundi niko salama, mume wangu, usihangaike, na machozi yakamtiririka mpaka shingoni na mikono haikuyafuta.

Kwa siku nne Fundi hakujua anaishi na nani. Macho ya mkewe yalimwambia hili, mikono ikasema lile. Alimpa kalamu, mikono ikaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Akajaribu kuifunga kwa shuka, lakini kuifunga ilikuwa sawa na kumziba mdomo mtu anayezama, na mkewe alimtazama kwa namna iliyomfanya amfungue, na alipomfungua vile vidole vilimpapasa shavu kwa shukrani, kimoja baada ya kingine, polepole, huku harufu ya nywele zilizoungua ikiwa imeingia kwenye mito, kwenye nguo, hadi kwenye maji ya kunywa.

Akampigia simu mama mkwe. Yule mama alifika, akaketi mbele ya binti yake, wakasalimiana kwa ishara. Kisha akamvuta Fundi ukumbini.

"Mwanangu, huyo si yeye," alinong'ona. "Neno mama yeye huligusia shavuni, hapa, kwa sababu nilikuwa nambusu hapo. Huyo amegusa kidevu."

"Tufanyeje, mama?"

"Sijui, baba. Mimi sijui."

Mganga alikuja alasiri ya siku iliyofuata: bibi mfupi mwenye miwani minene. Alifukiza ubani, akaanza kuuliza. Mikono ilijibu, na mama mkwe akafasiri kwa sauti ya chini.

"Wewe ni nani?"

"Anasema hana jina. Wenzake waliumbwa wakiwa na sauti, yeye hana."

"Toka."

"Anasema hakuiba. Alipewa."

Mganga akamgeukia Fundi. "Ni kweli?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Basi hapo mimi sina nguvu. Lazima mwenyewe aidai mikono yake kwa kauli yake."

"Bibi, kauli yake ndiyo hiyo mikono!"

"Ana mdomo."

Shuleni waliwahi kumfundisha Vidole kutamka maneno machache, wenzake wakamcheka, akaapa hatarudia. Sasa mama yake alimkumbatia, akabana koo lake mwenyewe kwenye shavu la bintiye ili aihisi sauti inavyotetemeka, akalisema neno, akalirudia, mara kumi, mara mia, hadi jasho likawalowesha wote wawili na mikono ikawa inamkwaruza mgongoni na kumvuta nywele asiendelee, naye akaendelea, mpaka kooni mwa Vidole kikatoka kitu kikavu, kilichovunjikavunjika:

"Ni... rudi... shie. Mi... kono."

Mikono ikaanguka mapajani kama nguo zilizoloa. Baada ya kitambo ikainuka, na kidole kikagusa shavu. Mama. Wakalia wote watatu.

Mganga hakulia. Alisimama dirishani, akanusa hewa. "Mikononi limetoka hilo pepo," alisema, akaondoka.

Asubuhi Fundi aliamshwa na sauti kutoka jikoni. Sauti ya mwanamke, laini, isiyokwama popote.

"Mume wangu, chai tayari."

Alikimbia. Vidole alikuwa ameegemea ukuta, midomo yake ikienda yenyewe. Kiganja kimoja kilikuwa kooni, kikihisi asichoweza kukisikia. Kisha mikono yake, yake kweli, ikaanza kupiga kelele hewani: Si mimi. Si mimi. Si mimi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama," ilisema ile sauti. "Mama yangu. Umeamkaje?"

Fundi akachukua simu amtafute mganga. Mama mkwe akamdaka kifundo cha mkono.

"Mama, tafadhali. Ni pepo lile lile," Fundi alisema.

"Najua." Hakuondoa macho kwenye ile midomo. "Najua, baba. Lakini miaka thelathini na moja... Mwache aniite tena. Mara moja tu."

Sauti ikamwita, kwa upole, na mama mkwe akafumba macho ili asiione mikono.