Jora Kubwa na Jora Dogo

"Mama Fundi, kama nchi yetu inaipita nchi jirani kwa fedha za utafiti wa vyuo vikuu, mbona mihogo yangu inaoza?"

Ndivyo jirani yangu alivyoniuliza siku moja, hata hajakaa. Yeye hutengeneza pampu za maji, nasi tunamwita Pampu. Mimi nilikuwa nashona sare.

Binti yangu anafanya utafiti wa mihogo chuo kikuu. Pingili zake za kupanda zilikuwa mlangoni, zimefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Pampu alikuwa amemwahidi shamba lake la majaribio, maana ugonjwa wa mihogo umejaa humo, na binti alitaka kuona ni pingili zipi zitaustahimili. Chuo hakikuwa na fedha za kukodi jingine. Na mvua zilikuwa zimeshaanza.

"Shamba sitoi!" alisema Pampu. "Redio imesema fedha zetu ni mara mbili ya zao. Mmezila!"

"Baba, nilivyokonda hivi, nimekula nini?" binti akamuuliza.

Pampu alicheka kidogo, kisha akanuna tena. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

Binti akagusa vitambaa vyangu. "Tuseme mama ana majora kumi, akakata mita mbili. Wewe una jora moja, ukakata mita moja. Nani amejinyima?"

"Ni mimi!"

"Lakini mama amekata nyingi."

"Mwenye majora kumi? Hata hajasikia!"

"Basi ndio sisi, baba. Pato la nchi yetu ni mara kumi ya pato lao. Usilinganishe kipande kwa kipande. Uliza kimekatwa kwenye jora gani. Katika kila shilingi mia zinazopatikana nchini, ngapi zinakwenda kwenye utafiti?"

"Kumbe redio imenidanganya."

"Haikudanganya. Imetaja kipande, haikutaja jora. Kwa fungu la pato linalokwenda kwenye utafiti, wenzetu wanatuzidi mara tano. Na hawalipunguzi mwaka hadi mwaka. Muhogo haupimwi kwa msimu mmoja."

Nikasimamisha cherehani. "Jirani, fungu kubwa tutawadai wakubwa, na sitanyamaza. Lakini mvua haiwezi kungoja bajeti."

Pampu akazitazama zile pingili. "Na hizi zikioza?"

"Tutajua zipi watu wasipande," alisema binti. "Hilo nalo ni jibu."

Pampu akainuka. Akaliacha begi lake la spana kitini, akajitwika gunia la pingili begani, akatoka kuelekea shambani kwake.