Mayai ya Karafuu Maiti

Lori lilikuwa tupu.

Kagwiria alilikuta nyuma ya nyumba za mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, Isuzu la buluu, injini bado moto, maji ya sabuni yakichuruzika kwenye bodi. Alikuwa amelifuata tangu Karatina kwa Suzuki yake ndogo, likampotea pale Marua baada ya mtu kumwaga misumari barabarani na kumtoboa gurudumu. Dakika arobaini tu! Mbao zimeshushwa, bodi imeoshwa, dereva haonekani. Wezi wengine wana bidii, jamani. Laiti wangelima viazi.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Nyuki, hapa Mzinga."

"Sema, Mzinga."

"Umepata nini?"

"Sabuni."

Mzinga alikuwa Moffat, mkuu wake katika idara ambayo haina kibao mlangoni. Asubuhi hiyo alikuwa amejifungia chumba cha juu cha hoteli moja mjini Nyeri, akitazama bustani ikipangwa viti.

"Sasa ni saa mbili na robo," Moffat akasema. "Waziri anatia sahihi saa sita kamili. Siwezi kumwendea na sabuni."

Ilikuwa Agosti 1998. Dunia nzima ilizungumzia joto linaloongezeka, na watu wa Nyeri hawakuhitaji kuambiwa: barafu ya mlima ilikuwa ikipungua machoni pao. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kukata mikafuri, ile miti mikubwa ya asili inayoshika maji ya mlima. Ndipo akaja Daktari Voss, mzungu wa sauti ya upole, na mradi wake. Apewe msitu kwa miaka hamsini, apande mikaratusi, na moshi wa viwanda vya kwao uhesabiwe kuwa umemezwa na miti ya huku. Jambo jema, ukilisikia kwa mbali.

Lakini malori ya Voss yalipanda na miche, yakashuka yamelemewa.

Waziri akishatia sahihi, msitu ni wa Voss. Na nani atamshtaki mtu kwa kukata miti yake mwenyewe? Kagwiria alizaliwa juu ya Chogoria. Kijito alichonywea maji utotoni sasa kilikuwa mawe matupu, na kila akikikumbuka roho ilimuuma. Hii kwake haikuwa kazi tu.

Alitoa mfukoni ile misumari aliyoing'oa kwenye gurudumu na kuiokota barabarani, akaitazama, akairudisha. Kisha akaenda mtaa wa Majengo kutafuta chai. Njaa haijui ujasusi.

Kwenye kibanda cha Mwanasiti, karibu na msikiti, kulikuwa na vita.

"Sichukui tena, mama! Sichukui!" Mwanasiti alikuwa akisukuma trei ya mayai juu ya meza. "Yanuka karafuu maiti! Jana mteja kafunua sahani, kaniuliza, Mwanasiti, leo umemwosha nani?"

"Ati yananuka?" Mwenye mayai alikuwa mama mfupi wa sweta ya kijani, Wacera, aliyeleta mayai Majengo kila Alhamisi. "Mayai yangu iko safi kabisa! Hiyo ni maranda tu. Naweka kwa kiota ya kuku, inafukuza utitiri."

"Maranda ya jeneza?"

"Ngai! Mwanasiti, usiniharibie jina!"

Kagwiria aliweka kikombe chini. Akachukua yai moja, akalinusa.

Kafuri: karafuu maiti ya Mwanasiti ilitoka kwenye mikafuri ya mlimani.

Dereva aliosha lori mpaka kwenye boliti. Nani angekumbuka kuosha kuku?

Alimwita Wacera pembeni, akamwonyesha kitambulisho ndani ya kiganja. "Mama, haya maranda umeyatoa wapi?"

Wacera aliangalia chini. "Ni bwana yangu ananiletea. Theuri. Anafanya kazi kwa ile mradi ya kupanda miti, huko juu ya Ragati."

"Anapanda, au anapasua?"

Mama akakaa juu ya kreti ya soda.

"Nikikupeleka huko, mtamfunga?"

"Sijui, mama. Ningekudanganya, lakini leo nimeshiba waongo."

Wacera alilifuta yai moja kwa pembe ya leso. Mwanasiti naye, aliyekuwa akijifanya anafuta meza, aliacha kufuta.

"Mto yetu ilikauka Februari," Wacera akasema hatimaye. "Mvua kubwa ilikuwa imepita juzi tu, na bado ikakauka. Tukasema ni Mungu. Kumbe ni sisi." Akasimama, akajifunga leso upya. "Mimi humpelekea githeri saa nne. Leo tutaenda wawili."

Saa nne na dakika tano.

Njia ilipita kati ya vitalu vya mikaratusi, miche elfu kwa elfu, imepangwa vizuri kama ya kupigwa picha. Baada ya vitalu, msitu. Kagwiria alikuwa amevaa leso na gamubuti za mpira za Wacera, kikapu mgongoni, mkanda wa kikapu ukimkaza paji la uso. Ndani ya kikapu kulikuwa na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Chini ya sufuria, kamera ya Nikon na bastola ya Browning.

Ngurumo ya msumeno ikasikika.

Chini ya neti za kijani zilizotandazwa ili ndege isione kitu, mashine ilikuwa ikila gogo ambalo watu wanne wasingelikumbatia. Visiki vilikuwa vyekundu, vibichi. Mbao zilipangwa hadi shingoni, kila moja imepigwa chapa ya V. Harufu ilikuwa kali mpaka macho yakawasha.

Kagwiria alitua kikapu. Kamera ikalia mara tatu chini ya leso.

"Nyuki kwa Mzinga," alinong'ona kwenye redio. "Nimekiona kiwanda. Nimepiga picha."

"Picha zitasafishwa kesho," Moffat akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Saa sita ni leo. Niletee kitu kinachopumua."

"Wewe!"

Mlinzi wa kofia nyekundu alikuwa nyuma yao. Bunduki yake ilikuwa AK, na kidole chake kilikuwa mahali pabaya.

"Huyu wa pili ni nani?"

"Mke wa ndugu ya bwana yangu," Wacera akasema upesi. "Amekuja kunisaidia kubeba."

Mlinzi alimtazama Kagwiria kutoka kichwani hadi kwenye gamubuti. Kisha macho yakaganda kwenye mkono.

"Mke wa ndugu," akasema polepole. "Mwenye saa ya Casio ya kuogelea."

Kosa la kijinga! Kagwiria alijilaani kimoyomoyo. Bastola ilikuwa chini ya githeri.

Mlinzi hakumwelekezea yeye bunduki. Alimwelekezea Wacera. "Sema ukweli, mama. Nahesabu mpaka tatu."

"Moja."

Msumeno ukanyamaza.

"Mbili."

Debe zima la maranda likamwagika usoni pa mlinzi. Alipiga kelele, risasi ikaenda mawinguni. Kagwiria alishamfikia. Goti tumboni, kiwiko shingoni, AK mikononi mwake.

"Wote chini!"

Wapasuaji wakalala kama walivyoagizwa. Mmoja tu alibaki amesimama, mrefu, mwekundu kwa unga wa mbao toka nywele hadi miguu, debe tupu mkononi.

"Wacera," akasema Theuri, "umeleta serikali?"

"Nimeleta."

Akatua debe. "Ni sawa. Mimi nilikuwa nangoja tu nani ataanza."

Saa tano na nusu.

Suzuki ilishuka Karatina ikilia, Theuri mbele na ubao mmoja magotini, Wacera nyuma na trei yake ya mayai, ambayo alikataa kuiacha. Kwenye kioo ikatokea pikapu nyeupe ya Voss. Ikakaribia. Risasi ikavunja taa ya nyuma.

"Wanatufikia, mama yangu!" Wacera akapiga yowe.

"Waache wafike." Kagwiria alisubiri kona ya Marua. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa misumari ya asubuhi, akaitupa dirishani konzi nzima.

Pikapu iliyumba mara mbili, ikaingia mtaroni.

"Hiyo ilikuwa yenu," akasema. "Nimewarudishia."

Saa sita kasoro dakika mbili.

Bustani ilikuwa imejaa. Voss alikuwa anamalizia hotuba, akiwaambia watu kwamba kila mti ni zawadi kwa wajukuu. Waziri ameshashika kalamu. Kagwiria alipita katikati ya viti na gamubuti zenye matope, akaitua trei ya mayai juu ya mkataba.

"Mheshimiwa, nusa."

Watu wakacheka. Waziri, mtu wa Tetu aliyekulia chini ya msitu, hakucheka. Alinusa mara moja, akanusa tena, uso ukabadilika.

"Hii ni kafuri."

"Upuuzi," Voss akasema, sauti bado ya upole. "Mheshimiwa, huyu mama ana kichaa."

Theuri alisogea mbele. Akauweka ubao juu ya meza, chapa ya V ikitazama juu.

"Mimi ndiye nilikata, Mheshimiwa. Hata mtanifunga, ni haki. Lakini huyu ndiye alinituma. Niko na mtoto wa miezi mitano. Hajawahi kuona mto yetu ikiwa na maji."

Watu wa mbele wakainuka kuuona ubao.

Waziri alifunga kalamu.

Voss alikuwa ameshaondoka mezani, anatembea haraka, anakimbia. Aliifikia Mercedes yake, akasimama. Magurudumu yote manne yalikuwa chini, na Moffat, ambaye hakuna aliyemwona akishuka kutoka chumba cha juu, alikuwa ameegemea boneti akila ndizi.

"Pole, Daktari. Hewa ya mlima ni nyembamba."

Polisi walipomchukua Voss, Wacera alimshika Kagwiria mkono. "Na bwana yangu?"

Kagwiria alimwonyesha karatasi ya ripoti. Kando ya jina la Theuri aliandika neno moja: *Shahidi*.

"Atalala kwa polisi leo, mama. Kesho mahakama itasema yake. Hili ndilo nililo nalo mkononi, nimekupa lote."

Wacera alilisoma lile neno, akalisoma tena, kisha machozi yakamtoka.

Redio ikakoroma. "Nyuki, rudi mzingani."

"Bado, Mzinga. Sijakunywa chai tangu asubuhi."

Akaizima. Akachukua mayai mawili kutoka kwenye trei, moja kila mfuko, akashuka zake Majengo kwa miguu.

Mwanasiti alimwona akiyaweka mezani, akashika kiuno.

"Yale yale ya maiti?"

"Yale yale," Kagwiria akasema, akivuta kiti. "Nikaangie yote mawili. Na usiyaoshe."