Pumzi Shingoni mwa Tulia

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, na atakayebisha aje Kyimo aulizie fundi miavuli. Ya Kyimo niliyaona nikiwa palepale. Ya Polandi niliyaona kwenye simu ya Hellen, tena simu yenyewe niliishika mimi, maana kitongoji kizima hakuna mkono uliotulia kama wangu.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Septemba, manyunyu yetu ya kawaida, watu wote kanisani. Mimi nilikuwa barazani nashona mwavuli wa mchungaji, kwa hiyo hata Mungu alikuwa amenipa ruhusa. Hellen alikuwa amewaficha majirani wote kwamba bintiye Tulia kapata ufadhili wa kusoma Ulaya.

"Kijicho hakina dawa," alimwambia bintiye. "Ukishafika ndipo tutasema."

Basi sanduku likatumbukizwa kwenye gunia, likafungwa kamba kama gunia la parachichi, wakapita nalo migombani kwenda barabarani. Wakanipita na mimi, bila hata kikohozi.

Kwetu mtoto haondoki hivyo. Majirani hula naye ndizi na nyama, kisha kila mmoja husema lililo moyoni, huchukua funda la maji, akalipuliza chini. Likitoka, limetoka. Asiyeitwa hubaki nalo kifuani, na pumzi yake humfuata msafiri popote. Si uchawi wa tunguri huo. Ni pumzi tu.

Mlangoni pake alikuwepo Bibi Ambindwile, mkunga wetu, mguu unamsumbua, anachambua maharage.

"Mnakwenda wapi, mama?"

"Tukuyu, bibi. Kupeleka parachichi."

"Haya. Siku hizi parachichi zinasindikizwa na viatu vipya." Akacheka peke yake, kisha akashusha pumzi ndefu.

Tulia alitamani kurudi amkumbatie yule bibi aliyempokea alipozaliwa. Mama akamvuta mkono. Walipofika barabarani, binti akahisi ubaridi kidogo kwenye kisogo. Kama mtu anayepuliza uji wa moto.

Krakow, huko Polandi, ilimpokea vizuri. Chumba cha hosteli alichangia na Nahla, msichana wa Tanga wa mwaka wa pili, aliyemfundisha kugonga tiketi ya tramu, kununua soksi za sufu na kula vile vimaandazi vyao vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Jumamosi walitembea kando ya mto mpaka ngomeni kwa wafalme wa zamani. Tulia alimtumia mama yake ujumbe wa sauti: "Mama, huku majani yanageuka mekundu siku moja, kama yameambiana. Ila ndizi zao, Mama! Unatafuna karatasi."

Mwezi wa kumi na moja alianza kuvaa masweta mawili. Kisha matatu.

"Wewe si mtoto wa Rungwe?" Nahla alimtania. "Mimi wa Tanga nimekaa na kanga, wewe unatetemeka pembeni ya bomba la joto la ukutani!"

Daktari akampima. Joto la mwili liko sawa, akasema, labda ni upweke. Tulia alirudi chumbani, akavaa sweta la nne. Baridi haikuwa mwilini mzima. Ilikuwa mahali pamoja, kisogoni. Ilikuja na kwenda. Taratibu. Kama pumzi za mtu aliyelala.

Desemba, saa sita mchana, wanafunzi wanane walipiga picha kwenye theluji. Jioni Nahla aliikuza picha kwa vidole viwili. Kila kinywa kilitoa mvuke. Cha Tulia hakikutoa. Mvuke wake ulikuwa nyuma ya shingo, umetoka kulia kwenda kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nahla hakumtania tena.

Tulia akampigia mama yake. Alinong'ona.

"Mama. Tulimuaga nani?"

Hellen alilia siku mbili, kisha akachinja. Jumamosi moja ya Januari majirani kumi na wawili tulikaa uani kwake, ndizi zikaliwa, akapiga magoti katikati yetu akaungama. Nikainua simu wote wamwone Tulia. Amejikunyata ndani ya masweta manne, midomo ya majivu.

Wakaanza. Hezron akasema kinyongo chake, akapuliza. Ackson, akapuliza. Baada ya wanne Tulia akavua sweta la kwanza. "Endeleeni," akasema. "Nasikia joto." Watu wakashangilia. Wa saba nilikuwa mimi. Nikahamishia simu mkono wa kushoto, nikachukua funda langu, nikalipuliza likafika mgombani. Hakuna aliyefikisha mbali kama mimi. Wakaendelea wengine, masweta yakavuliwa, likabaki moja.

Wa mwisho Bibi Ambindwile.

"Niliona uchungu, mwana gwangu. Nilikupokea kwa mikono hii, ukanipita kama kisiki. Sasa umetoka." Akapuliza.

Tulia akavua lile la mwisho. Akacheka. Nahla nyuma yake akapiga kigelegele cha Kitanga.

Kisha mkono wa Tulia ukaenda shingoni.

"Bado mmoja," akasema.

Bibi akatugeukia. "Nani hakutoa?"

Maji yalidondoka kwenye jani la mgomba. Tuliangaliana.

"Nani?" Hellen akauliza. "Jamani, nawaomba. Nani?"

Kwenye kioo, mvuke mweupe ulitokea nyuma ya sikio la Tulia. Nahla alikuwa amesogea mbali. Mvuke ukaja tena. Kioo kikafunga ukungu. Simu ikakatika.

Nahla, aliyekuwa amekimbilia chumba cha wenzake, alimkuta kesho yake mchana, ameegemea bomba la joto. Ngozi ya mgongo ilikuwa imeungua. Na bado alikuwa wa baridi. Madaktari waliandika waliyoyaandika. Februari tulimzika migombani, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Ile simu Hellen anayo. Chini ya kioo kuna doa la ukungu, kubwa kama sarafu. Linakuja, linaondoka, linakuja. Fundi simu wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, aliifungua: kavu kabisa. Hellen huivingirisha kwenye sweta la bintiye, eti ipate joto.

Yote ni kama nilivyoyaona. Mahali pamoja tu nimetunga, pale funda langu lilipofika mgombani. Miaka tisa nimemshonea Hellen miavuli, akanipita na gunia kama amepita jiwe. Macho yote yalikuwa kwenye kioo. Nikajiambia, acha aonje kidogo, nitapuliza kesho.

Sasa napuliza kila asubuhi pale kaburini, na doa liko palepale.

Siku ile nilimeza.