Mikia ya Samaki na Kidonda cha Babu

Kila asubuhi ya likizo ile ilianza kwa ugomvi wa kandambili. Babu hakukumbuka hata siku moja alikozivua, na hakukubali hata siku moja kwamba amesahau.

"Nani kachukua kandambili zangu?" alifoka, huku moja ikiwa chini ya cherehani yake na nyingine nyuma ya mlango, pale pale zilipokuwa jana na juzi.

Babu alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Aliweza kukadiria kiuno cha mtu kwa jicho tu, asikosee hata nukta. Lakini kandambili, jamani, zilimshinda.

Mjukuu wake alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumba nzima ilimwita Mjuaji. Hakulipenda jina hilo, ila alilipata kihalali. Ukianza kumweleza jambo, hujafika katikati, yeye amekwisha kusema, "Naelewa, naelewa." Alikuwa akielewa maelezo ya watu kabla hawajayatoa.

"Mjuaji, acha kubishana na Babu, vaa viatu," shangazi yake alisema. "Tunachelewa."

"Ngoja kwanza anifunge kidonda," Babu alidakia, na kumkonyeza mjukuu wake.

Kidonda hicho kilikuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kilianza kama mkwaruzo wa msumari wa kiti, kikakaa wiki tatu kikigoma kufunga. Babu aliwaambia wote kwamba anakiosha kwa maji na sabuni tu. Uongo mtupu. Alikuwa na krimu aliyopewa na rafiki yake kinyozi, na kwa kuwa mgongo haukumruhusu kuinama, aliyempaka kila asubuhi ni Mjuaji.

"Hakiwashi tena, wala hakijavimba," Babu alinong'ona. "Dawa kiboko hii. Ila shangazi yako asijue, atatuletea hotuba."

Shangazi alikuwa fundi wa maabara katika chuo kilichokuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Likizo ile alikubali kwenda na Mjuaji kazini kwa masharti: alishe samaki, aandike kwenye daftari anachoambiwa, na asiguse kingine chochote.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba chembamba chenye pampu inayonguruma kutwa. Juu ya rafu ya chuma kulikuwa na matangi mawili ya kioo yaliyofanana kabisa, na ndani yake samaki wadogo wenye mistari, urefu wa kidole cha mwisho. Siku ya kwanza shangazi aliwatia dawa ya usingizi ili wasisikie maumivu, kisha akamkata kila mmoja ncha ya mkia.

"Maskini! Watakufa!" Mjuaji alipiga kelele.

"Hawafi. Samaki hawa mkia wao huota tena. Baada ya wiki mbili hivi hutajua kama uliwahi kukatwa. Sasa tunataka kujua, tukiwatia dawa ya aina ya steroidi kwenye maji, mkia utaota kama kawaida? Tangi hili ni la maji matupu, lile ni la dawa. Steroidi hutuliza uvimbe na muwasho, lakini kuna jambo moja..."

"Naelewa, naelewa," Mjuaji alisema.

Hakuelewa. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi: dawa huponya, basi wenye dawa watapona kwanza. Alibandika lebo mbili alizopewa, MAJI na DAWA, kisha akaandika kwenye daftari kila samaki alipowekwa. Mmoja alikuwa na mstari uliokatika karibu na jicho, na Mjuaji, mjukuu wa fundi cherehani, akampa jina la Kiraka.

Siku ya tisa shangazi aliitwa kwenye semina ya siku mbili. Alimwagiza mlinzi wa chuo amfungulie Mjuaji mlango, akarudia masharti yake mara tatu. Kulisha tu. Kulisha tu. Kulisha tu.

Haya, mtoto akalisha. Kisha akaona vioo vimeota utando wa kijani, samaki wanaonekana kama vivuli, naye akajiambia kwamba shangazi atafurahi akikuta vioo vinang'aa. Akabandua lebo zote mbili, akasugua vioo kwa kitambaa, akazibandika tena. Ndipo alipowaona samaki vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na moyo ukampasuka paa!

Kwenye tangi la MAJI mikia ilikuwa imeota, imebaki kidogo tu kukamilika. Kwenye tangi la DAWA ilikuwa vibutu vile vile, kama imekatwa juzi.

"Nimezibadilisha lebo!" alijisemea. "Dawa ishindwe na maji ya bomba? Haiwezekani!"

Basi akazibandua na kuzihamisha, ya huku kule na ya kule huku. Hakumwambia mtu. Aliona kosa limekwisha kurekebishwa, sasa aseme nini?

Shangazi aliporudi kutoka semina, siku ya kumi na moja, alipima mikia mara moja. Akapima tena. Alasiri nzima alipima, akishusha pumzi na kujikuna kichwa.

"Umegusa kitu humu?" aliuliza.

"Hapana, shangazi," Mjuaji alijibu, na masikio yakamuwaka moto.

Jioni, wakila, shangazi alisukuma sahani yake pembeni. "Nimechoka mimi. Watafiti wengine wote wanasema dawa hii huzuia mkia kuota. Kwangu mimi wenye dawa ndio waliopona. Jumatatu nitampa mkuu wa utafiti ripoti gani? Atasema nimelala kazini."

Babu alisikia neno moja tu katika hayo yote. "Wamepona! Dawa gani hiyo?"

"Steroidi, Baba."

Babu alimgusa Mjuaji kwa mguu wake mzima chini ya meza, uso umemchanua, maana kinyozi alikwisha kumtajia neno hilo. Kesho yake, Jumamosi, alitaka kupakwa krimu asubuhi, mchana na jioni. "Hata samaki wanajua," alisema. "Paka, usiogope, ongeza."

Mjuaji alipaka. Lakini alikuwa na macho, na macho yalimwambia kwamba kidonda hakipungui. Kinapanuka. Katikati kilikuwa cheupe, na ngozi ya kandokando ilikuwa imekonda kama karatasi ya sigara.

Jumapili shangazi alimpa daftari ili anakili kumbukumbu kwa mwandiko safi. Mjuaji alinakili huku akinung'unika, kwa sababu kurasa zilikuwa nyingi na kidole kilimuuma. Alipofika ukurasa wa siku ya kwanza, kalamu ilisimama. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: Kiraka, tangi la MAJI.

Jana yake alimlisha Kiraka, mkia mzima kabisa, kwenye tangi lenye lebo ya DAWA.

Alisoma mara mbili, akitamani maneno yabadilike. Hayakubadilika. Lebo zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Waliopona ni wa maji matupu, na wale wa dawa ndio waliobaki na vibutu. Dawa ilikuwa imezuia mikia kuota, kama watu wote walivyosema, isipokuwa yeye.

Alikimbia chumbani kwa Babu, akaichukua krimu na kusoma maandishi madogo ubavuni. Steroidi. Iliandikwa wazi, siku zote ilikuwepo.

"Babu, usipake tena! Krimu hii ndiyo inazuia kidonda kisifunge!"

"Wee! Juzi ulisikia kwa masikio yako, samaki wamepona."

"Wa dawa hawakupona, Babu! Mimi ndiye nilihamisha lebo!"

"Mjukuu wangu, mimi si samaki," Babu alisema kwa hasira. "Sina mkia, sina magamba. Nipe krimu yangu."

Mjuaji alisimama na krimu mkononi, machozi yakimlenga. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na ataendelea kwenda maabara. Lakini mguu wa Babu je? Aliingia jikoni, akasimama mbele ya shangazi, akasema yote bila kupumua: kitambaa, lebo, uongo, kinyozi, krimu.

Shangazi alikaa chini kwanza.

"Mara tatu," alisema. "Mara tatu nilikwambia kulisha tu. Wewe ukasugua, ukabandua, ukahamisha, kisha ukanitazama machoni ukasema hapana! Na wewe, Baba!" alipaza sauti kuelekea chumbani. "Wiki tatu unapakwa krimu ya kinyozi! Tangu lini kinyozi akatibu vidonda? Leta huo mguu!"

"Ndiyo maana nilisema asijue," Babu alinung'unika, lakini akaleta mguu.

Shangazi alifungua kitambaa, na hasira yote ikamtoka usoni. Alichukua mkoba wake, na ndani ya nusu saa wote watatu walikuwa hospitali.

Daktari alikisafisha kidonda na kukipima. Alisema usaha ulikuwa umeanza kuchimba chini kwa chini, na kama wangechelewa wiki mbili zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine kuhusu mguu ule.

"Kwa hiyo steroidi ni sumu?" Mjuaji aliuliza.

"Hapana," daktari alijibu. "Ni dawa nzuri sana kwa ugonjwa wake. Wapo wagonjwa wangu wanaoitumia, na nimewakataza kuiacha ghafla bila kuniuliza. Inatuliza uvimbe na muwasho. Lakini uvimbe kidogo ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Ukiuzima kwenye kidonda, unawafukuza mafundi kabla hawajamaliza nyumba."

Mjuaji alifungua mdomo aseme anaelewa. Akaufunga. "Tafadhali nieleze tena," alisema.

Jumatatu shangazi alimpeleka kwa mkuu wa utafiti, akamwacha aeleze mwenyewe. Jaribio lilirudiwa lote tangu mwanzo, kwa samaki wengine, na kazi ya Mjuaji ilikuwa kuosha ndoo na kuandika. Wakiwa njiani kurudi, shangazi hatimaye alisema lililokuwa likimkaa moyoni.

"Kukosea hakunisumbui. Mimi mwenyewe nakosea kila wiki. Ungeniambia, 'Shangazi, nimebandua lebo,' tungetazama jina la Kiraka na yangekwisha kwa dakika tano. Ulipobandika lebo kwa unachodhani badala ya unachokiona, uongo ulitoka maabara ukaja mpaka mezani kwetu, ukaupaka mguu wa Babu yako. Na dawa ni hivyo hivyo. Kuitwa dawa tu hakutoshi. Ulizia ni dawa ya nini, na umuulize anayejua."

Kuanzia siku hiyo kidonda cha Babu kilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Kila Jumamosi, baada ya kukisafisha kama walivyofundishwa hospitali, Babu aliuweka mguu juu ya kiti, akakipima kwa futi yake ya ushonaji, na Mjuaji akaandika. Kilipungua wiki ya kwanza, kikapungua ya pili. Wiki ya tatu hakikusogea.

"Andika kimepungua," Babu alisema. "Kidogo tu, shangazi yako asianze."

Mjuaji aliinama, akaitazama futi vizuri. "Kiko pale pale, Babu. Naandika pale pale."

Babu aliguna. "Nimeshona miaka arobaini," alisema. "Mteja akinenepa, sikuandika kiuno alichokitamani. Niliandika kiuno alichokuja nacho, la sivyo suruali ingempasukia barabarani. Mguuni kwangu ndipo nilipojidanganya. Haya, andika ilivyo."

Aliandika ilivyo. Wiki ya sita, shangazi akishuhudia, Babu alizungusha futi, akatafuta pa kupima, akakosa. Mjuaji akaandika sifuri, na Babu akainuka kwenda kumwonyesha kinyozi mguu wake, ila kwanza aliuliza nani kachukua kandambili zake.